Mteja Akiuliza, Ajibiwe: Maneno ya Kumuaga Bi Mkasi

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni yetu. Waheshimiwa wajumbe wa bodi. Wateja wetu mlioacha shughuli zenu mchana huu mkaja kukaa nasi. Shemeji yetu fundi saa, mume wa dada tunayemuaga, pamoja na watoto wenu na wajukuu. Wafanyakazi wenzangu wa ghorofa zote mbili, kuanzia chumba cha michoro hadi mapokezi: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake, na kama kuna niliyemruka basi ajue ni woga wa kipaza sauti, si dharau.

Nimepewa heshima ya kumuaga dada yetu anayestaafu leo, huyu tunayemwita Bi Mkasi. Ofisa utumishi alinishika mkono pale mlangoni akaninong'oneza, "Mwenzangu, yawe maneno matamu. Leo siku ya furaha." Nikamwitikia, maana ni mtu mwema na keki kaiagiza yeye. Lakini naomba anisamehe mbele yenu. Nimekaa na maneno matamu tangu juzi, na kila nikiyaweka mdomoni yananikwama. Nitawezaje kumsifu mtu kwa kazi aliyoifanya maisha yake yote, halafu nikafumba mdomo kuhusu kile alichokuwa anapigana nacho? Nitakuwa nimemsifu nani?

Wageni wetu huenda mnajiuliza jina hilo limetoka wapi. Ulimi mkali anao, tusidanganyane, ila jina halikutoka huko. Kijana akisimama mbele ya mteja na kuanza, "Mchoro huu unaongea, rangi hizi zinapumua, hapa tumevunja mipaka," dada huyu alikuwa ananyoosha vidole viwili hewani, anavifumba na kuvifumbua kama mkasi, kisha anasema, "Kata hapo. Sasa mwambie itamsaidia nini." Wengi humu ndani tumekatwa. Mimi mwenyewe, mchora herufi niliyekuja hapa na maneno mengi kuliko herufi, nilikatwa mpaka karibu nibaki kipara.

Mnamkumbuka yule mzee mwenye karakana ya majeneza? Msanifu wetu mmoja, yupo hapa, simtaji, anajijua na naona ameanza kutazama viatu vyake, alimwonyesha nembo ya rangi ya machungwa, akamwambia, "Mzee wangu, tumetaka nembo yako ichangamke." Mzee akaitazama, akavua miwani, akauliza kwa upole kabisa, "Achangamke nani, mwanangu? Marehemu?" Tulicheka hadi machozi. Msanifu hakucheka. Alinuna, na mzee alipotoka akatuambia, "Mteja huyu hana jicho la ubunifu."

Hana jicho! Mtu aliyewapokea waliofiwa tangu ujana wake, anayejua ni wakati gani wa kuwapa kiti na wakati gani wa kuwaacha walie, huyo hana jicho, ila wewe uliyechagua rangi ya machungwa ndiye unalo!

Ndugu zangu, hili neno ubunifu tulipewa na nani tuwe nalo peke yetu? Mama anayemshawishi mtoto aliyekataa chakula, habuni? Shemeji yangu hapa, anayefufua saa ambazo vipuri vyake havitengenezwi tena popote, habuni? Mbona yeye hamwambii mteja wake, "Saa yako sasa ni kazi ya ubunifu, usiniulize kwa nini haionyeshi saa ngapi"? Angekuwa amekwisha kufunga kibanda. Na nanyi wateja msicheke sana, kwani huja mkatuambia, "Tieni ubunifu kidogo hapo pembeni," kana kwamba ni chumvi na sisi tumeificha kabatini. Lakini kosa lenu ni dogo. Kosa letu ni kubwa, kwa sababu sisi tumelifanya neno hilo kuwa mlango, tukaufunga, tukakaa ndani, na mteja akibisha tunamwambia hawezi kuelewa.

Hayo ni makali, najua. Basi ngoja niwasimulie kilichotokea, ili mseme wenyewe kama nazidisha.

Yule mama aliyeketi safu ya pili, mwenye gauni la buluu, ni mteja wetu. Nimemwomba ruhusa kabla ya kupanda hapa, naye akaniambia, "Sema yote, usinipambie." Yeye na marehemu mume wake walianzisha kiwanda kidogo cha dawa. Dawa zilikuwa mbili tu: ya kikohozi, ambayo watoto huinywa kwa kijiko, na ya kuchua, ile ya maungo yanayouma, ambayo ukiipaka tu pua inakuwasha. Lebo alizichora mume wake mwenyewe. Ya kikohozi ilikuwa ya njano, ina mtoto anayecheka kwa meno makubwa kupita kiasi. Ya kuchua ilikuwa nyekundu, ina goti lililovimba kama boga. Zilikuwa mbaya. Mama mwenyewe anakiri zilikuwa mbaya, naona anatikisa kichwa. Ila hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuchanganya ile na hii.

Mume alipofariki, mama akaamua kiwanda kisimfie mikononi. Akatafuta mkopo, akaleta mitambo mipya, akaja kwetu kuomba lebo mpya. Tulimpokea katika kile chumba chetu cha vioo, pamoja na Mkuu wa Ubunifu wa wakati ule, ambaye sasa amehamia kampuni nyingine na ninamtakia afya njema. Akafunua kitambaa mezani. Chini yake kulikuwa na chupa mbili nyeupe pepepe, zenye umbo moja, kifuniko kimoja, na mahali pamoja pa maandishi ya kijivu, madogo, chini kabisa karibu na kitako.

"Tumeondoa kelele zote," akasema. "Sasa ni familia moja. Zinaongea lugha moja."

Mama akainua chupa moja kwa mkono huu, nyingine kwa mkono huu. Akazigeuza. Akasema, "Zimependeza, mwanangu. Ila mtu atajuaje hii ni ya kunywa na hii ni ya kuchua?"

"Imeandikwa hapo chini, mama."

"Naona imeandikwa. Mimi namuulizia mtu mwenye haraka. Mtoto anakohoa, analia, umembeba..."

Mkuu wa Ubunifu akatabasamu. Wenzangu mnalijua tabasamu lile, maana tunafundishana: la kumhurumia mwenzako kwa kutojua kwake. Akasema, "Hilo tuachie sisi, mama. Ubunifu hauelezwi, unahisiwa. Ukianza kuulizauliza kila kitu unauua."

Mama akazirudisha chupa mezani, polepole, kama aliyekuta ameshika kitu dukani ambacho si saizi yake. Na hapo ndipo Bi Mkasi aliposimama.

"Mama ameuliza swali," akasema. "Hajajibiwa."

"Tumelipokea."

"Hukulipokea, kaka. Umelifunika."

Nami, niliyekuwa nimegombana juu ya udogo wa maandishi yale tangu siku ya kwanza, nikaongeza kwamba hata mimi ninayeishi kwa kutazama herufi ilinibidi niinamishe kichwa kuyasoma. Tukaambiwa tunamtia mteja wasiwasi. Kesho yake tulikuwa tumeondolewa katika kazi ile, yeye akapewa kalenda ya benki, mimi nikapewa kadi za mwaliko. Na mama alipopiga simu kuuliza tena lile swali lake, akajibiwa kwamba wateja wetu wakubwa huwa hawaulizi mambo kama hayo.

Mnasikia? Hawakumwambia kwamba swali lake halina maana, kwa sababu hapo wangelazimika kueleza ni kwa nini halina. Walimwambia yeye ni mdogo. Mama huyu, aliyeendesha kiwanda akiwa bado na nguo za msiba, aliniambia baadaye, "Nilijiona mshamba, mwanangu. Nikaona bora ninyamaze kuliko waone sijasoma." Akatia sahihi.

Chupa za kwanza za majaribio zikatoka, kabla hata ya kupelekwa kwa wakaguzi. Kwa furaha yake akazibeba chache nyumbani, akazipanga kwenye rafu ya jikoni ili jirani wazione. Nyumbani kuna mjukuu wake wa kike, wakati ule mdogo, bado anasema "nataka kujibebea mwenyewe" huku anaanguka. Mtoto akaamka na kikohozi. Alikuwa na shangazi yake, binti mkubwa wa mama huyu. Ilikuwa mchana kweupe. Shangazi hakuwa amelala, hakuwa mgonjwa wa macho, wala hakuwa hajui kusoma. Ni mwalimu, anasoma kutuzidi wengi hapa. Ila uji ulikuwa unafurika jikoni, simu inalia, mtoto analia, naye kambeba. Akanyoosha mkono, akachukua chupa nyeupe.

Mlio wa mtoto yule, nimeambiwa, ulisikika hadi kwa jirani wa tatu.

Kwa rehema ya Mungu alitema sehemu kubwa. Iliyoshuka ilitosha kumuunguza koo, akatapika, akatetemeka, akakimbizwa hospitali, akalazwa. Alipona. Semeni alhamdulillahi, semeni amina, kila mtu na yake, alipona. Lakini sauti yake tangu siku ile ina mkwaruzo, kama ya mtu aliyeshangilia mpira kutwa nzima.

Sasa nataka mniambie: habari ile ilipofika hapa ofisini, tulisema nini? Tulikaa kikao, na neno la kwanza kutamkwa mezani, kabla mtu hajauliza mtoto anaendeleaje, lilikuwa, "Mteja aliidhinisha."

Aliidhinisha! Aliidhinisha nini? Tulimnyang'anya ulimi, halafu tukamwambia alikubali kwa kuwa hakusema. Tulipokuwa tunasifiwa, kazi ilikuwa yetu, ubunifu wetu, jicho letu. Ilipomuunguza mtoto ikageuka kuwa yake. Ubunifu gani huu ambao mwenye nao anaonekana siku ya makofi tu?

Kisha ikatoka amri kwamba mtu yeyote asizungumze na mteja yule mpaka mwanasheria aseme. Bi Mkasi akasikiliza mpaka mwisho. Akachukua mkoba wake. Mkurugenzi, ulikuwepo, ulimuuliza, "Unaenda wapi?" Naye akakujibu, "Kumjulia hali mtoto. Hilo halihitaji mwanasheria." Akapitia kibandani kwa mume wake, na shemeji hakuuliza la ziada, akafunga kibanda na saa za watu zikiwa bado wazi mezani, wakaongozana.

Mama hakuwafungulia. Alisimama nyuma ya geti akasema, "Mmekuja kunifundisha nini tena?"

Bi Mkasi akamjibu, "Sikuja kufundisha. Siku ile ulianza kusema kuhusu mtu aliyembeba mtoto, ukakatizwa. Nimekuja unimalizie."

Geti likafunguka, ingawa si haraka. Waliingia, wakamwona mtoto, aliyekuwa ametoka hospitali amechoka na kununa. Ila shangazi hakutoka chumbani. Mama akaeleza kwamba tangu siku ile binti yake hamgusi mtoto. Hamlishi, hamwogeshi, hambebi. Mtoto akimnyooshea mikono, yeye huirudisha yake nyuma. Shule ameomba ruhusa. Anasema mikono yake haina akili.

Bi Mkasi akauendea mlango wa kile chumba, akaketi chini kwa nje, na magoti yake yale mabovu tunayoyajua. Akasema kupitia mlango, "Mwanangu, mimi ninatoka kwa wale waliotengeneza chupa. Huna kosa la macho wala la akili. Tulikupa vitu viwili vinavyofanana, kimoja dawa, kimoja sumu kwa mtoto, tukavisifia kwa kufanana kwao. Mama yako aliliona hilo akauliza. Sisi ndio hatukujibu."

Sauti ikatoka ndani: "Aliuliza?"

"Aliuliza. Nilikuwepo."

"Mama hakuniambia."

Mama, aliyekuwa amesimama ukumbini, akasema, "Nilikuwa naona aibu."

Mlango ukafunguliwa.

Jamani, nataka muitazame aibu ile. Mama alificha kwamba aliuliza swali sahihi! Binti akajifungia akijiona mwuaji, mama akanyamaza akijiona mjinga, na aliyewafanya wajione hivyo alikuwa kwenye chumba cha vioo akieleza kampuni nyingine jinsi ubunifu unavyohisiwa. Je, hii si dhuluma? Kama si dhuluma, niambieni jina lake.

Siku zilizofuata, baada ya saa za kazi na mapumziko ya wiki, Bi Mkasi alikuwa anakwenda jikoni kwa mama yule. Nilifuatana naye, kwa hiyo haya niliyaona. Alileta chupa tupu za kila aina, akazijaza maji, akazitia kwenye rafu. Akamwomba shangazi achukue ya kikohozi huku amebeba mto mithili ya mtoto, sisi tunampigia kelele, shemeji anabisha hodi mlangoni kwa makusudi. Shangazi mwanzoni alilia. Baadaye alianza kucheka, kwa sababu shemeji hodi yake ilikuwa ya kuigiza mno. Baadaye akaanza kubishana nasi, na hapo nikajua amerudi. "Hii hapana," akawa anasema. "Hii mkono unakubali kabla mimi sijakubali." Ya kuchua ikaishia kwenye chupa bapa yenye kifuniko kigumu, chenye mikwaruzo inayoumiza vidole kiasi, na lebo nyekundu iliyojaa goti. Ndiyo, goti lilirudi. Nilijitahidi lisifanane na boga, mama akaniambia niliache lifanane. Ya kikohozi ikabaki ya duara na ya njano. Herufi zake nilizichora mimi, kubwa, na wala siombi radhi.

Siku ambayo chupa za kweli zilitoka kiwandani, mtoto alikuwa na mafua tena. Mama alichukua kijiko. Shangazi akamwambia, "Nipe mimi." Akainyoosha mikono, mmoja kwa mtoto, mmoja kwa chupa. Mtoto alimtazama, akafunga mdomo, akageuka. Shangazi hakumlazimisha. Akamimina kwenye kijiko, akakionja yeye kwanza, akakunja uso, mtoto akacheka kwa ile sauti yake ya mkwaruzo, akafungua mdomo. Bi Mkasi alitoka nje akajifanya anatafuta viatu.

Na kampuni ilimlipa nini? Ilimpa karipio, kwa kuvunja amri. Na picha ya chupa zile nyeupe, ambazo haikuuzwa hata moja, ikapelekwa kwenye mashindano, na ikashinda tuzo. Tuzo hiyo ndiyo ile iliyosimama pale mapokezi kwenye kioo, mmeipita wote mkiingia. Inasema, "Ubunifu Bora wa Vifungashio." Mheshimiwa Mkurugenzi, nimekuomba mara nyingi iondolewe, ukanijibu ni historia ya kampuni. Sawa. Basi naomba leo, mbele ya bodi na mbele ya mama huyu, ama iondolewe, ama iandikwe chini yake historia yote, kwa herufi kubwa. Nitazichora bure.

Naona Mkurugenzi ameinamisha kichwa. Sijui ni kukubali au ni kunikasirikia. Nitajua Jumatatu.

Vijana wa chumba cha michoro, najua mtasema mambo yamebadilika. Wiki hii nimemsikia mmoja wenu akimwambia mwenye shule, "Mwalimu, tuamini tu." Kwa nini akuamini tu? Amekuletea watoto wa watu. Mweleze. Ukishindwa kueleza, inawezekana hujui, na kutojua si aibu, uliza. Bi Mkasi hakuwahi kutamka neno ubunifu mbele ya mteja kabla hajakaa mahali mteja anapokaa na kushika anachoshika. Kwenye saluni alisuka nywele. Kwa wauza mbegu alirudi na matope. Hakuwa anajishusha. Alikuwa anabuni, ila hakuwa anatangaza.

Nanyi wateja, tafadhali. Tukiwauliza mmeelewa, na hamjaelewa, semeni hamjaelewa, tena kwa sauti. Tukiwaambia huu ni ubunifu, ulizeni tena. Tukinuna, acheni tunune, itatuisha. Na tukikataa kabisa kujibu, kusanyeni vitu vyenu muende, hata kama anayekataa ni mimi.

Dada yangu, mke wa mtu, mama wa watu, mwalimu wangu: umetuvumilia mno. Hukupandishwa cheo ulichostahili, na kila aliyekaa mbele hapa anajua ni kwa nini. Nenda kapumzishe yale magoti. Keshokutwa mama wa gauni la buluu anakuja na dawa mpya ya macho, na binti yake mwalimu anakuja naye. Wameniomba niwapokee mimi. Nimekwisha kuwaambia vijana wote watakaoingia kile chumba kwamba hakuna kitambaa kitakachofunuliwa mezani. Tutawapa wageni viti, tutawapa maji ya kunywa, halafu sisi tutanyamaza, na wao ndio wataanza.

Nawashukuru kwa kuyabeba maneno yangu mazito katika siku yenye keki. Asanteni sana kwa masikio yenu.